Kufunga altaneta kubwa kwenye Land Rover ya zamani: mambo ya kujua kabla ya kumwita fundi



Ombi la gari jipya huchukua muda mrefu kujibiwa, na mengine hayajibiwi kabisa. Wakati huo wote gari la zamani linaendelea na kazi. Linabeba saruji, linabeba wagonjwa, linapeleka walimu kwenye semina na kuwarudisha. Na kila kifaa kipya kinachopatikana hufungwa humo humo. Gari lililotoka kiwandani likiwa na taa, waipa na honi sasa linatakiwa kuendesha friji ya chanjo, redio ya mawasiliano, chaja za simu na vipaza sauti vya mikutano ya hadhara. Matokeo yake hujulikana usiku. Gari linaenda hospitali ya wilaya, nyuma kuna mama aliyeshikwa na uchungu, mvua inanyesha, na taa zinaanza kufifia na kuwa nyekundu.

Hapo ndipo mtu husema, "Tufunge altaneta kubwa." Ni wazo zuri. Lakini altaneta kubwa ikiunganishwa kwenye waya za zamani bila kufikiri inaweza kuliunguza gari zima. Makala hii inaeleza kazi hiyo inavyofanyika, ili kamati iweze kumuuliza fundi maswali ya maana, na mfadhili aelewe kwa nini bajeti ya "altaneta moja" ina mistari mingine kadhaa chini yake.

Tutatumia mfano wa Land Rover, kwa sababu ndiyo gari la zamani linalojulikana zaidi kwenye barabara zetu za vijijini, na kwa sababu umeme wake ni rahisi kueleweka.

Gari lilitoka na nini

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Series II ilifuata mwaka 1958, Series IIA mwaka 1961, na Series III ikatengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Zile za IIA, pamoja na ile ndefu ya inchi 109 iliyopendwa sana na misheni na idara za serikali, zilifungwa dainamo ya Lucas aina ya C40. Dainamo hiyo ikiwa nzima na injini ikiwa kwenye mwendo mzuri hutoa ampea 22 tu. Series III zilitoka na altaneta ndogo ya Lucas aina ya 16ACR, yenye ampea 34.

Dainamo na altaneta zote hugeuza mzunguko wa injini kuwa umeme. Tofauti iko kwenye kile kinachozunguka. Ndani ya dainamo, koili nzito zinazotoa umeme ndizo zinazozunguka, na umeme wote hutoka kupitia kaboni zinazokwaruza duara la shaba lililokatwa vipande vipande. Ukiizungusha kwa kasi kubwa mno, koili zinaweza kutupwa nje ya nafasi zake na kaboni hutoa cheche. Ukiizungusha taratibu, haifikishi volti za kuchaji betri. Ndiyo maana gari lenye dainamo likisimama na injini ikinguruma polepole huwa halichaji kitu, linakula betri.

Katika altaneta koili nzito zimetulia kwenye gamba la nje. Kinachozunguka ni sumaku ya umeme inayohitaji ampea chache tu, na ampea hizo hupita kwenye kaboni mbili ndogo zinazogusa ringi laini. Kwa hiyo altaneta inaweza kuzungushwa kwa kasi zaidi, puli yake inaweza kuwa ndogo, na inaanza kuchaji injini ikiwa bado iko chini. Umeme wake hutoka ukiwa wa kwenda na kurudi, kisha daiodi zilizo ndani zinaugeuza uende upande mmoja. Daiodi hizo hizo huzuia umeme wa betri usirudi kwenye altaneta wakati injini imezimwa. Kwa hiyo lile boksi la katauti lililokuwa likiambatana na dainamo halina kazi tena. Altaneta za aina hii zina kidhibiti chake cha volti ndani au mgongoni.

Hesabu ya ampea kabla ya hesabu ya fedha

Kabla ya kutafuta altaneta, kaeni na dereva mwandike kila kitu kinachotumia umeme kwenye gari. Kifaa kikiwa kimeandikwa wati, gawanyeni kwa 12 mpate ampea. Si hesabu kamilifu, maana gari linalochaji liko karibu na volti 14, lakini inatosha kwa kupanga.

Chukueni gari la petroli usiku wa mvua. Taa kubwa mbili za wati 60 ni ampea 10. Taa ndogo za mbele, za nyuma na za dashibodi ni kama ampea 2.5. Koili ya moto wa plagi ni kama 4, waipa kama 3. Jumla ni ampea 19.5. Dainamo ya ampea 22 inaweza kubeba mzigo huo gari likiwa kwenye mwendo, na inabakiza ampea mbili na nusu tu za kurudisha kile stata ilichokula asubuhi. Gari likikwama kwenye matope, likasimama kwenye kivuko, au likishuka mlima injini ikiwa chini, betri ndiyo inayolipa.

Sasa ongezeni friji ndogo ya chanjo ya wati 60, ampea 5. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, kwa hiyo friji haizimwi kwa sababu taa zimewashwa. Ongezeni redio ya mawasiliano ya masafa marefu: ikisikiliza inatumia ampea moja hivi, lakini dereva akibonyeza kipaza sauti kuzungumza inaweza kuvuta ampea 20 kwa muda mfupi. Ongezeni inveta ya kuendesha kompyuta ya wati 150, ambayo pamoja na upotevu wake huvuta kama ampea 14. Hata tukiiacha redio kwenye kusikiliza, tumefika karibu ampea 40, na betri iliyoshuka nayo inataka 10 zake. Hapo mnahitaji altaneta ya ampea 60 au 65, na mnahitaji kujua kwamba nambari iliyoandikwa kwenye altaneta hupatikana ikizunguka kwa kasi. Injini ikinguruma polepole, altaneta nyingi hutoa nusu ya kiwango hicho au pungufu.

Na kuna gari ambalo hesabu itaonyesha kwamba halihitaji altaneta kubwa. Kama tatizo ni taa kubwa kufifia tu na hakuna vifaa vingine, mara nyingi kosa liko kwenye swichi iliyochoka na waya mwembamba wa miaka mingi. Relei mbili na waya mpya kutoka kwenye betri hadi kwenye taa zitaleta mwanga ambao kamati haitaamini, kwa sehemu ndogo ya gharama. Fundi mwaminifu atawaambia hivyo. Asiyewaambia, mwulizeni.

Altaneta ipi

Kwa Land Rover za Series, mafundi wengi duniani huchagua Lucas A127. Ilitengenezwa kwa wingi, ilitumika pia kwenye Land Rover za baadaye na magari mengine ya Ulaya, na ilitolewa kwa viwango mbalimbali, pamoja na ampea 45, 55, 65 na 70. Vipuri vyake, yaani kaboni, beringi na kidhibiti, hupatikana. Anayetaka kuongeza kidogo tu anaweza kutumia ndugu wa ile ya kiwandani, Lucas 18ACR, yenye ampea kama 45, inayokaa mahali pa 16ACR bila kusumbua sana. Wengine hufunga altaneta ya mtumba ya gari la Kijapani. Si vibaya, mradi iwe ya volti 12, iwe na kidhibiti chake ndani, na fundi ajue kwa uhakika kila pini ya plagi yake ni ya nini.

Wenye Land Cruiser za zamani waangalie mambo mawili. Nyingi zina altaneta tayari, lakini kidhibiti chake kiko pembeni kwenye boksi, na boksi hilo linatakiwa kuondolewa kwenye mfumo altaneta mpya ikija na chake. La pili, baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilikuwa na mfumo wa volti 24. Hesabuni betri na zinavyounganishwa kabla ya kununua chochote.

Kishikio nacho kina gharama. Dainamo ni ndefu na nyembamba, altaneta ni fupi na nene, kwa hiyo haikai mahali pale pale bila kishikio kingine. Puli ya altaneta lazima iwe kwenye mstari mmoja na puli ya injini na ya pampu ya maji. Ikipishana hata milimita chache, fenibelti italiwa upande mmoja.

Hapa kuna sababu ya kutokuwa na tamaa ya ampea 100 au 120. Altaneta ya ampea 65 ikifanya kazi yote hutoa wati zipatazo 900, na kwa sababu ya joto na msuguano inaidai injini karibu nguvu farasi mbili. Nguvu hiyo yote inapita kwenye fenibelti moja nyembamba, ile ile inayozungusha feni na pampu ya maji. Belti ikianza kuteleza, si chaji tu inayopungua; injini inachemka. Ampea 65 au 70 ni mahali pazuri pa kusimama kwa belti moja.

Waya ndiyo kazi yenyewe

Sehemu hii tunaomba isomwe na kila mwanakamati, hata asiyejua kufungua boneti.

Kwenye Land Rover nyingi za IIA kuna mita ya ampea kwenye dashibodi, yenye mshale unaokwenda upande wa chaji au upande wa kutoa. Ili mita hiyo ifanye kazi, umeme wote wa kuchaji hutoka kwenye dainamo, unapita kwenye boksi la katauti, unaingia ndani ya dashibodi, unapita ndani ya mita, kisha unarudi mbele kwenye betri. Mita hiyo hupima mpaka ampea 30, na waya zake zilichaguliwa kwa dainamo ya ampea 22. Mtu akiondoa dainamo, akaweka altaneta ya ampea 65, na kuunganisha waya zile zile, atakuwa ameelekeza ampea 60 kwenye njia iliyojengwa kwa theluthi moja ya mzigo huo.

Tuone kwa nambari. Waya wa shaba wa milimita za mraba 3, wenye urefu wa mita 2, una ukinzani wa kama omu 0.012. Ampea 60 zikipita humo, volti 0.7 zinapotea njiani na wati 43 zinageuka joto. Wati 43 ni sawa na pasi ndogo ya kuchomea risasi, na iko ndani ya kifungu cha waya kilichofungwa kwa utepe, nyuma ya dashibodi. Plastiki inalainika, waya zinagusana, na moshi unatokea. Na volti 0.7 zilizopotea zina maana kwamba betri inapata 13.5 badala ya 14.2, kwa hiyo hata kabla ya moto kutokea haijai vizuri.

Badilisheni waya huo kwa kebo ya milimita za mraba 16. Ukinzani wa mita 2 unashuka hadi omu 0.0023 hivi, volti inayopotea ni kama 0.14, na joto ni wati 8 zilizosambaa kwenye kebo nene. Kwa bei, tofauti kati ya waya zile mbili haifiki bei ya tairi moja.

Kwa hiyo kanuni ni moja. Kebo nene na mpya itoke kwenye nguzo kubwa ya altaneta, iliyoandikwa B+, iende moja kwa moja kwenye betri au kwenye nguzo ya stata inayopokea kebo ya betri. Isipite kwenye dashibodi. Isipite kwenye mita. Ncha zake zibanwe kwa koleo maalumu kwenye vichwa vya shaba vyenye tundu la bolti, si kusokotwa na kuzungushiwa utepe. Mahali inapopita kwenye bati iwekewe mpira, na iwe mbali na bomba la moshi.

Kebo hiyo iwekewe fyuzi kubwa ya ampea 80 au 100, karibu na betri kadiri inavyowezekana. Wengi huuliza kwa nini karibu na betri wakati umeme unatoka kwenye altaneta. Jibu ni kwamba siku kebo ikikatika na kugusa chesisi, altaneta haiwezi kutoa zaidi ya ampea zake, lakini betri inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mara moja. Fyuzi ipo kuizuia betri.

Hasi na chanya

Kabla ya yote fundi aangalie ni upande upi wa betri umefungwa kwenye mwili wa gari. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, zikiwemo Land Rover za IIA, yalifunga chanya kwenye mwili. Karibu altaneta zote mtakazopata zinataka hasi kwenye mwili. Ikiunganishwa kinyume, daiodi zinakufa papo hapo.

Kugeuza si kugumu. Betri inageuzwa, na vichwa vya kebo zake hubadilishwa kwa sababu nguzo ya chanya ni nene kuliko ya hasi. Waya mbili za mita ya ampea, kama itabaki, zinabadilishana. Waya mbili ndogo za koili ya plagi zinabadilishana. Stata ya zamani na taa hazijali. Kinachojali ni redio, na mota yoyote yenye sumaku ya kudumu, ambayo itazunguka kinyume. Kisha bandikeni karatasi ngumu karibu na betri yenye maneno HASI KWENYE MWILI, kwa sababu fundi wa safari ijayo anaweza kuwa mzee anayeikumbuka gari hiyo ilivyokuwa.

Waya tatu na balbu moja

Betri ikiwa imefunguliwa kwanza, kazi ya kuunganisha inakwenda hivi. Kwenye boksi la katauti nguzo zimeandikwa herufi. Msifuate rangi za waya, maana baada ya miaka hamsini rangi zimebadilishwa na mafundi wengi, fuateni herufi. Nguzo ya D ina waya mnene unaotoka kwenye dainamo na waya mwembamba unaokwenda kwenye taa ya chaji. Waya hizo mbili zinaunganishwa pamoja nje ya boksi, na ule mwisho uliokuwa kwenye dainamo unakwenda kwenye pini ndogo ya altaneta iliyoandikwa D+ au L. Waya wa F hauna kazi. Ncha zake zote mbili zifunikwe. Waya za A na A1 ndizo zinazolisha gari lote, na ndani ya boksi zilikuwa zimeunganishwa. Boksi likitoka, lazima ziunganishwe kwenye nguzo imara iliyofunikwa vizuri, kwa sababu ni za moto hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kwenye boksi la aina ya baadaye herufi ni tofauti kidogo, lakini mantiki ni ile ile.

Altaneta nyingine zina pini ya W. Hiyo ni ya mita ya mizunguko ya injini. Kama gari halina, iachwe.

Mita ya ampea ni bora itoke. Ikibaki, itaonyesha kwamba gari linatoa umeme wakati wote, kwa sababu chaji haipiti tena kwake, na dereva atakuwa na wasiwasi bila sababu au, vibaya zaidi, atazoea kuipuuza. Waya zake mbili ziunganishwe kwa bolti na kufunikwa, na tundu lake liwekewe mita ya volti. Mita ya volti inamwambia dereva zaidi: chini ya 12 kuna shida, karibu 14 mambo ni mazuri, juu ya 15 simamisha gari na umwite fundi.

Balbu ndogo nyekundu ya chaji ina kazi ambayo wengi hawaijui. Altaneta ikiwa imesimama haina sumaku ya kutosha kuanza. Dereva akiwasha ufunguo, umeme mdogo, kama ampea 0.2, unapita kwenye balbu hiyo ya wati 2.2 na kuamsha sumaku. Injini ikishika, altaneta inajitegemea na balbu inazimika. Balbu hiyo ikiungua, altaneta huenda isianze kuchaji mpaka injini ipigwe mizunguko mingi, na fundi asiyejua atauza altaneta nyingine kumbe tatizo ni balbu. Msiibadilishe kwa taa ya LED peke yake. Inapitisha umeme mdogo mno. Balbu moja ya akiba ikae kwenye kisanduku cha gari.

Njia ya kurudi

Umeme unaokwenda lazima urudi, na hapa Land Rover ina udhaifu wake. Bodi ni aluminiamu, chesisi ni chuma, na injini imekaa juu ya mipira. Mahali aluminiamu na chuma vinapokutana pana kutu nyeupe isiyopitisha umeme vizuri. Wekeni mkanda mpya wa ethi kutoka kwenye injini hadi kwenye chesisi, na kebo mpya kutoka hasi ya betri hadi kwenye chesisi, kwa unene usiopungua ule wa kebo ya chaji. Rangi ikwanguliwe mpaka chuma king'are, bolti ikazwe, kisha ipakwe grisi. Tumeiandika kwa ufupi, lakini taa nyingi zinazocheza cheza hutibiwa hapa.

Vifaa vipya, yaani friji, redio na inveta, visining'inizwe kwenye waya za zamani. Viwe na boksi lao la fyuzi linalolishwa na kebo yake kutoka kwenye betri. Mfadhili anayetoa friji ya gari, tunamwomba aulize pia nani atalipia boksi hilo. Ni fedha kidogo, na bila hizo zawadi yake itaunganishwa kwenye waya wa taa ya ndani.

Kupima kabla ya kulipa

Fundi asilipwe salio mpaka mwanakamati mmoja ameona vipimo kwa macho yake. Mita ya kawaida ya kupimia umeme inatosha. Gari likiwa limezimwa tangu usiku, betri nzima iliyojaa isome kati ya 12.5 na 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Injini ikiwashwa na kuongezwa moto kidogo, isome kati ya 13.8 na 14.4, na ibaki karibu hapo hata taa kubwa, waipa na friji vikiwashwa kwa pamoja.

Vifaa vyote vikiwa vimewashwa, waya mmoja wa mita uguse B+ ya altaneta na mwingine nguzo ya chanya ya betri. Kinachoonekana ni volti zinazopotea kwenye kebo, na zisizidi 0.3. Kisha waya mmoja uguse gamba la altaneta na mwingine nguzo ya hasi ya betri. Hapo zisizidi 0.2. Zikizidi, kuna kiungo kilichofanywa vibaya, na baada ya dakika kumi za kazi mkono utakipata kwa joto lake. Fenibelti ikisukumwa kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu ibonyee kama milimita 10. Baada ya wiki moja ya safari ikazwe tena, kwa sababu belti mpya hunyooka.

Betri iliyokufa haifufuliwi na altaneta kubwa. Kama imezeeka, iwekwe kwenye bajeti hiyo hiyo. Vinginevyo altaneta mpya itatumia siku zake za kwanza kuipasha joto betri isiyoshika kitu.

Maagizo kwa dereva

Dereva apewe maagizo haya kwa mdomo na kwa maandishi. Asifungue betri injini ikiwa inafanya kazi, hata kama wazee walikuwa wakipima dainamo kwa njia hiyo. Kwenye altaneta volti hupanda ghafla na kuua daiodi. Chesisi ikichomelewa, betri na altaneta zifunguliwe kwanza. Akiazima umeme kutoka gari jingine, ahakikishe chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kabla ya kugusisha. Akiosha injini, asielekeze maji ya nguvu kwenye altaneta. Na taa ya chaji ikiwaka njiani aangalie fenibelti kwanza, maana ikikatika hata maji hayazunguki, na kilomita chache zaidi zinaweza kuimaliza injini. Kama belti ipo na ni chaji tu iliyokatika, azime friji na inveta, na aendelee. Injini ya dizeli ya gari hilo ikishawaka haihitaji umeme ili izunguke. Ya petroli inauhitaji, kwa hiyo mchana azime kila kitu isipokuwa moto wa plagi, na usiku atafute mahali pa kulala.

Katika maombi ya fedha, orodhesheni altaneta, kishikio, fenibelti mbili, mita 3 za kebo ya milimita 16 za mraba, fyuzi kubwa na kishikilio chake, mkanda wa ethi, mita ya volti, boksi la fyuzi la vifaa vipya, na siku mbili za fundi. Ambatanisheni ile karatasi ya ampea mliyoijaza na dereva. Dainamo ya zamani na boksi lake msivitupe wala kumwachia fundi. Vifungeni kwenye gunia na kuviweka stoo pamoja na mchoro wa waya mpya, na nakala nyingine ya mchoro huo ikae chini ya kiti cha dereva.